Umeionaje?

Jumapili ya mwisho kabla ya siku ambayo wazee wa upande wa Kamba wangekuja kumposa, Fundi alikwenda na Kamba kutazama filamu ya kutisha. Walikaa safu ya nane, viti vya katikati, kama kawaida yao. Ilikuwa filamu ya nyumba yenye jini. Milango ilijifunga yenyewe, mabomba yakatoa damu, na mama wa watu akapiga ukelele uliomfanya jirani yao amwage soda yote mapajani. Fundi aliifurahia kuanzia mwanzo hadi majina ya waigizaji yalipoanza kupanda. Walipotoka nje jua lilikuwa bado kali. Wakasimama kidogo macho yazoee, kisha akamwuliza swali lake la kila Jumapili.

"Umeionaje?"

Kamba hakuwa mtu wa kujibu haraka. Alitembea hatua kadhaa, mikono mifukoni, akitazama chini kama anayetafuta kitu alichodondosha, na Fundi akamwacha. Alishazoea. Tena alikuwa ameanza kuupenda ule ukimya wake kuliko maongezi ya watu wengine.

"Wamejisumbua bure na jini," alisema mwishowe. "Wa kuogopwa ni yule baba. Nyumba inawamaliza wanawe, yeye bado anasema hahami."

Fundi alisimama. Watu waliokuwa nyuma yao ikabidi wawazunguke. Saa mbili nzima alikuwa amemkodolea macho jini, baba hakumwona hata kidogo, na sasa filamu yote ilijipanga upya kichwani mwake. Alimshika Kamba mkono akaubana. Neno lile angelala nalo, kama alivyolala na mengine yote kwa mwaka na nusu.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, fundi wa miwani, na watu wote, hata mama yake mzazi, walimwita kwa kazi yake. Duka lilikuwa chini ya ngazi za daktari wa macho. Daktari aliandika namba ya lenzi kule juu, mgonjwa akashuka na karatasi, Fundi akampima mboni, akamchagulia fremu inayomkubali, kisha akaingia chumba cha nyuma kusaga lenzi kwenye mashine iliyokuwa ikilia kama nyigu. Kazi hiyo ilimharibia macho ya kutazamia filamu. Mwigizaji akivaa miwani, yeye aliona papo hapo kwamba ni kioo kitupu, hakina namba, maana uso wa nyuma yake haupungui wala haukui. "Profesa gani huyu," alikuwa akinong'ona gizani, "amevaa dirisha." Filamu za mapigano alizitazama kwa kicheko, na kwenye za kulia alilia kweli, kitambaa mkononi, bila aibu. Lakini za upelelezi ndizo alizozipenda kupita zote. Alisema ndizo pekee ambamo mtu anamtazama mwenzake kwa makini tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa miaka kumi na moja alikwenda sinema peke yake. Si kwamba alikosa wa kwenda naye. Mmoja alisinzia akakoroma katikati ya mazishi. Mwingine alikuwa mtanashati, mchangamfu, kijana wa watu hana baya, lakini alipoulizwa ameionaje filamu alijibu, "Nzuri." Fundi akasubiri. Hakukuwa na zaidi. Huyo ndiye aliyemkatisha tamaa kabisa.

Kamba alikuja dukani kama mteja. Alikuwa mpimaji wa viwanja, mwenye miaka arobaini na tano, mtaratibu, mwenye mikono iliyochomwa na jua hadi kwenye viwiko. Wenzake kazini ndio waliompa jina hilo kwa sababu ya kamba ya kupimia isiyombanduka begani. Alitaka miwani ya kuona mbali. Alipewa, akaondoka, akarudi baada ya siku tatu akidai inambana pua. Fundi akairekebisha. Akarudi tena. Mara ya tatu Fundi aliitazama miwani, akamtazama na mwenyewe, akamwambia kwamba miwani haina tatizo, labda aangaliwe pua. Kamba alicheka taratibu, na Jumapili ile wakaenda sinema.

Ilikuwa filamu ya mapenzi. Walipotoka Fundi aliuliza swali lake, na Kamba alikaa kimya muda mrefu hata Fundi akaanza kujiandaa kusikia "nzuri" nyingine. Ndipo Kamba aliposema:

"Filamu za mapenzi zinaishia mlangoni. Wanabusiana, muziki unapanda, basi. Mimi nataka niwaone Jumanne, sinki limeziba, nione nani anainama."

Fundi alimpenda pale pale, kando ya nguzo ya taa. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote kwamba ilikuwa haraka kiasi kile.

Baadaye yalikuja mengine. Kwamba filamu za vita zinajua jina la kila bunduki lakini muuguzi anaitwa "wewe". Kwamba kichekesho ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu machozi ya uongo unaweza kuyaamini ila si kicheko cha uongo. Kwamba hakuna filamu za huzuni kama katuni, maana kila chozi kuna mtu alikaa chini akalichora. Wakati fulani mwanamke alijifungua kwenye filamu na Kamba akatikisa kichwa: mtoto katoka sasa hivi, ana miezi minne na nywele zimechanwa. Fundi alicheka, akamwuliza mpima viwanja amejuaje mambo ya wodi ya wazazi. Kamba alisema hayo kila mtu anayajua.

Mama hakumtaka Kamba, na hakuficha. Hakuwa na neno juu ya umri wake wala kazi yake. Alichokwama nacho ni mke wa kwanza wa Kamba, aliyemwacha akaondoka.

"Hapigi, halewi, harandirandi," alisema mara nyingi, akihesabu kwa vidole. "Sasa mwanamke aliondoka kwa nini? Umemwuliza?"

"Walishindwana, Mama."

"Walishindwana nini?"

Fundi hakujua. Alimweleza Mama jambo moja tu, tena zaidi ya mara moja: kwamba mwanamume anayeona filamu namna ile hawezi kuwa na moyo mgumu. Mama alimtazama kama mtu aliyemsikia mwanawe akisema amenunua gari kwa sababu ya honi yake. Lakini mwanawe alikuwa mtu mzima, miaka inakwenda, na mwishowe Mama alikubali wazee waje Jumamosi. Akashusha hata mapazia yote kuyafua.

Jumatatu, saa nne asubuhi, alishuka ngazini mwanamke aliyevaa sare ya wakunga na sweta juu yake, karatasi ya daktari mkononi. Alikuwa amevuka arobaini kidogo, mwenye sauti nzito na kicheko kilichomtangulia mlangoni. Alikuwa akitaka miwani ya kusomea, ya kwanza maishani mwake. Alieleza bila kuulizwa kwamba wiki iliyopita alishindwa kusoma maandishi ya kwenye kichupa cha dawa, ikabidi amwombe mwenzake, na njia nzima ya kurudi nyumbani akawa anajiona bibi kizee. Fundi alimpenda tangu dakika ya kwanza. Alimketisha, akavuta kiti chake mbele, akamwekea rula ndogo juu ya pua ili apime mboni.

Kwenye kona ya duka palikuwa na televisheni ya kuwaliwaza wanaosubiri. Kulikuwa na filamu, na ndani ya filamu mwanamke alikuwa akijifungua. Mkunga aliitazama kwa pembe ya jicho, akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mwone huyo mtoto," alisema. "Katoka sasa hivi, ana miezi minne na nywele zimechanwa."

Rula iliteleza. Fundi aliomba radhi, akairudisha mahali pake. Alijiambia kwamba hayo mkunga yeyote anaweza kuyasema, na mpima viwanja anaweza kuyasikia popote. Akasoma namba, akaisahau kabla hajaiandika, akapima tena. Halafu, kama mtu anayepitisha muda tu, alimwuliza kama anapenda filamu.

Mkunga alisema alizipenda mno, zamani. Alikuwa hachagui. Aliongea huku uso umetulia mbele ya rula, na Fundi akawa anasikiliza Jumapili zake zikirudi moja moja kwa sauti ya mtu mwingine. Muuguzi anayeitwa "wewe". Kicheko cha uongo. Alipofika kwenye katuni, kwamba kila chozi kuna mtu alikaa chini akalichora, Fundi aliiweka rula mezani. Lilikuwa limebaki swali moja, na aliliuliza ingawa hakutaka jibu.

"Na za mapenzi, dada?"

"Hizo zinanikera," Mkunga alisema. "Zinaishia mlangoni. Wanabusiana, muziki unapanda, basi. Mimi nataka niwaone Jumanne, sinki limeziba, nione nani anainama."

Fundi aliinuka akaenda kwenye kabati la fremu. Alizitazama bila kuziona. Kule nyuma Mkunga aliendelea kuongea, kwa sauti iliyoshuka kidogo, kwamba siku hizi hatazami tena, hamu ilimtoka. Alikuwa na mume. Walikuwa wakitazama pamoja kila Jumamosi, yeye akitoa maoni yake kama wehu, na mume amekaa pembeni, hatii neno. Miaka saba.

"Alikuwa mume mbaya?" Fundi aliuliza, mgongo umemgeukia.

"Mbaya? Hapana. Ukiwa na mtu mbaya angalau unajua uko na mtu. Huyu alikuwa kama kabati. Unafungua, unaweka vitu, unafunga. Halikwambii asante, halikwambii limejaa." Alicheka, lakini kile kicheko cha mlangoni hakikuwemo. "Kutwa nzima alikuwa akipima viwanja vya watu, hatua kwa hatua. Akirudi nyumbani, hata hatua moja kuja kwangu hakuna. Nikafika mahali nikawa najisikiliza mwenyewe, naona nimeanza kuchanganyikiwa. Nikafungasha."

Hakuwa na chuki. Alisema alishamsamehe zamani, kwani kuna watu wameumbwa bila kusikia, na huwezi kumlaumu mtu kwa maumbile. Akachagua fremu ya kahawia, akaambiwa aje Alhamisi, akaondoka zake kwenda kazini. Siku ile Fundi alivunja lenzi mbili kwenye mashine.

Angeweza kumpigia simu Kamba. Hakupiga. Alitaka aone uso wake. Jumanne, saa saba mchana, alifunga duka kwa mapumziko akaenda ofisini kwake, mahali ambapo hakuwahi kufika. Ilikuwa chumba kirefu cha ghorofa ya pili, kimejaa makabati mapana ya ramani yenye droo nyembamba kama trei. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Kamba alikuwa amesimama peke yake, ameinamia ramani iliyobanwa kwa vyuma pembe nne, akichora mpaka wa kiwanja kwa penseli iliyochongwa hadi ikawa sindano. Alipomwona, uso wake ulifunguka. Hilo Fundi alikuja kulikumbuka kwa uchungu kuliko mengine, kwamba alifurahi kweli kumwona.

Fundi hakuketi.

"Katuni ni filamu za huzuni kuliko zote," alisema. "Kwa nini vile?"

Kamba alitabasamu, akidhani ni mchezo. "Kwa sababu kila chozi kuna mtu alikaa chini akalichora."

"Nani alisema?"

"Si mimi nilikwambia?"

"Nani alisema, Kamba?"

Tabasamu lilibaki usoni muda kidogo baada ya macho kubadilika. Aliiweka penseli chini, akaisogeza ikae sambamba na ukingo wa meza.

"Jana nimempima macho," Fundi alisema.

Kamba aliketi. Safari hii Fundi hakuupenda ukimya wake. Mwishowe alianza kueleza, akiitazama ramani. Alisema hakukusudia. Siku ile ya kwanza walipotoka sinema na Fundi akamwuliza ameionaje, yeye hakuwa ameiona vyovyote. Filamu kwake ni watu wanapita tu, wengine wanalia, wengine wanapigana, na mara nyingi zinamletea usingizi. Alitafuta neno lake mwenyewe akalikosa. Lililomjia ni la mke wake wa zamani. Akalisema.

"Ukaniangalia," alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kuniangalia vile. Jumapili iliyofuata nikasema jingine."

"Na hukuogopa yatakuishia?"

"Hayaishi," Kamba alisema. "Aliongea miaka saba."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayetaja urefu wa kiwanja, na ndiyo maana lilimwingia Fundi hadi mfupani. Alishika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo ulikuwa unamsikia."

"Kila neno."

"Yeye anaamini alikuwa anaongea na kabati."

Kamba aliinua kichwa. "Amesema hivyo?"

"Miaka saba mtu anaongea na wewe, Kamba. Ulishindwa hata kumjibu 'ndiyo'?"

Alisema maneno yalikuwa yakimkwama. Mkewe alikuwa mwepesi mno. Yeye alipokuwa bado analitafakari la kwanza, mwenzake alikuwa kwenye la tano. Akipata la kusema, anakuta filamu imekwisha, taa imezimwa, mke amelala. Alikuwa akikaa gizani anayarudia moja moja kichwani. Alidhani mkewe anajua. Alidhani kukaa pale kila Jumamosi kulitosha kumwambia.

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Macho yake yana nini?"

Fundi alimtazama. Mwaka na nusu alikuwa amemtazama uso huo kila Jumapili, na kumbe sura hii hakuwahi kuiona. Kamba alikuwa ameinama mbele kidogo, kiganja kimefunguka mezani, anasubiri jibu kwa hofu. Filamu ngapi walizokwenda pamoja, na hakuna siku hata moja aliyoinamia jibu lake Fundi namna ile.

"Hayana kitu," alimwambia. "Ni umri."

Kamba alishusha pumzi.

Fundi angeweza kuondoka hapo. Baadaye alijiuliza kwa nini hakuondoka, akaona kwamba alikuwa bado na tumaini dogo, na alitaka kulimaliza kwa mkono wake mwenyewe.

"Niambie kitu kimoja nilichosema mimi."

"Kitu gani?"

"Chochote. Filamu sitini na zaidi. Nimeongea zaidi kuliko wewe. Nimeongea njiani, nimeongea kwenye simu, nimekunong'oneza gizani mpaka watu wakatunyamazisha. Nirudishie kimoja tu."

Kamba alifikiri. Alifikiri kwa bidii, na hilo ndilo lilikuwa baya, kwamba alijitahidi kweli, paji la uso limekunjamana. Alisema Fundi hapendi filamu zenye nyimbo nyingi. Fundi alimwambia huyo ni dada yake Kamba. Akafikiri tena. Alisema Fundi aliipenda sana ile ya wale majambazi wa treni. Fundi alimwambia kwamba ile ya treni alitoka nusu, kichwa kilikuwa kinamwuma, na Kamba mwenyewe ndiye aliyemsindikiza. Akataja filamu moja ya mwanzo kabisa, akasema Fundi alilia. Hilo lilikuwa kweli, lakini hakuweza kusema alilia kwa sababu gani, wala alisema nini akilia.

Hata miwani haikumjia. Ya profesa aliyevaa dirisha. Fundi alikuwa akiisema karibu kila Jumapili.

"Ninakupenda," Kamba alisema. Macho yalikuwa yamemlowa. "Hilo si la mtu. Hilo ni langu."

"Sijui," Fundi alisema. "Huenda ni lako. Huenda nalo ulilisikia likisemwa vizuri na mtu, ukalihifadhi. Mimi nitajuaje?"

Kama jibu lilikuwa njiani, Fundi hakutaka kulisubiri. Alimwambia awapigie simu wazee, Jumamosi wasije. Kwenye ngazi alipishana na wenzake Kamba wakirudi kutoka kula, wanacheka, na mmoja akampisha akamwita shemeji.

Nyumbani alimkuta Mama amepanda juu ya stuli anarudisha mapazia, yana pasi na harufu ya sabuni. Alimwambia kwa maneno machache. Mama hakushuka. Alibaki na pete za pazia mkononi.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Anaye. Ila huyo mwanamke mwenyewe hajui."

Alisubiri aambiwe kwamba alionywa. Mama alikuwa na haki hiyo, na Fundi alikuwa ameshajiandaa njia nzima. Badala yake Mama alishuka polepole, akaketi juu ya stuli ile ile, akasema kwa masikitiko kwamba yeye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kumzoea. Kila akimwambia jambo, Kamba alikuwa akikubali.

"Anakubali, Mama," Fundi alisema, na hapo ndipo alipolia.

Jumatano alisaga lenzi za Mkunga. Alizisaga kwa makini kupita kawaida, akazifunga kwenye fremu ya kahawia, akazisafisha. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba hatasema neno. Mambo ya wale wawili yalikwisha kabla yeye hajaingia, na yeye sasa ametoka. Aliamua hivyo asubuhi, akaamua tena jioni.

Alhamisi Mkunga alikuja akitokea zamu, amechoka, anatania. Fundi alimvalisha miwani, akaikunja mikono yake kidogo nyuma ya masikio, akampa kadi ya kusomea. Mkunga aliisoma hadi mstari mdogo wa chini kabisa, akashangaa, akaugeuza mkono wake akautazama kama wa mtu mwingine. Alisema hakujua ana mikunjo mingi kiasi kile.

"Dada," Fundi alisema. "Alikuwa anakusikia."

Yalimtoka tu. Alipoulizwa nani, ilibidi aeleze, na alieleza yote: pua iliyobanwa, Jumapili, lile la kwamba hakuna aliyewahi kumwangalia vile, wazee waliokuwa waje. Alimrudishia maneno yake, la muuguzi, la kicheko, la katuni. Akamwambia kwamba yule mwanamume anayajua yote, kila neno, kwamba alikuwa akiyarudia gizani wakati mwenzake amelala. Alipokuwa akisema hakuweza kujua kama anampa zawadi au anamchoma. Pengine alitaka tu awepo mtu wa pili wa kuumia.

Mkunga alisikiliza bila kumkatiza. Mwanzoni palikuwa na mwanga fulani usoni mwake, mdomo umefunguka kidogo, akawa binti kwa sekunde chache. Akauliza, "Hata la Jumanne?" Fundi akasema hata hilo, ndilo alilolitanguliza. Halafu ule mwanga uliondoka. Mkunga aliivua miwani, akaikunja mkono mmoja, kisha wa pili.

"Mimi pia nilipokuwa namwangalia nilikuwa nampenda," alisema. "Usiku wa kufungasha nilikaa sebuleni na begi langu mpaka asubuhi. Nilisema, akiniambia neno moja, lolote, hata 'funga mlango', nitabaki. Alikuwa macho. Nilikuwa nasikia anavyogeuka kitandani." Aliweka miwani ndani ya kasha lake. "Nikaenda nikijiambia, ndivyo alivyoumbwa, hasikii. Nimeishi na hilo miaka minne, nalala vizuri."

Fundi alitaka kusema pole. Neno lilionekana dogo.

"Asiyesikia nilishamsamehe, mdogo wangu," Mkunga alisema. "Huyu anayesikia nimwanzie wapi?"

Fundi alimsogezea kasha. Yeye mwenyewe alikuwa hajaanza.